Sura ya Sita: Adabu ya Kumkaribia Mdudu

Wadudu waliokwisha kupewa majina na wataalamu ulimwenguni wamepita aina 1,000,000, na katika hao mbawakawa peke yao ni zaidi ya aina 350,000. Walakini hakuna jamii ya viumbe ambayo wanadamu huipita kila siku, uani, shambani na njiani, kwa kughafilika kukubwa kuliko hii. Sababu ya kughafilika huko si dharau tupu. Jicho la mtu mzima aghalabu haliwezi kuona bayana kitu kilichosogezwa karibu nalo kupita kiasi cha sentimita 25, na kutoka umbali huo mbawa za nondo huonekana za rangi moja, miguu ya sisimizi haihesabiki, na uso wa nyigu, wenye macho mawili makubwa na vijicho vitatu vidogo utosini, hautambulikani kuwa ni uso.

Sura hii ni juu ya sanaa inayolipatia jicho hilo msaada, yaani kupiga picha za wadudu kwa karibu sana, wakiwa hai, na wakiwa katika makazi yao wenyewe. Nitaeleza vifaa na kanuni za nuru kwa kadiri msomaji anavyozihitaji, lakini nakusudia kuthibitisha neno moja kuliko yote: kwamba katika sanaa hii maarifa ya mdudu hutangulia maarifa ya kamera, na kwamba mtu asiyemjua mdudu, hata akimiliki lenzi ya thamani kubwa namna gani, atarejea nyumbani na picha za majani matupu.

Hamu ya kumwona mdudu kwa ukubwa usio wake ni ya zamani kuliko kamera. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa London kitabu chake Micrographia, ambamo alichora mambo aliyoyaona kwa hadubini, na mchoro wake wa kiroboto, uliochapwa juu ya karatasi kubwa iliyokunjwa ndani ya kitabu, uliwastaajabisha watu waliokuwa wakimjua kiroboto kwa kuumwa naye tu. Hooke alikutana na taabu ile ile inayomkabili kila mpiga picha wa leo, nayo ni kwamba mdudu hatulii. Hata alipotaka kumchora sisimizi ilimlazimu kumlewesha kwa brandi ndipo apate muda wa kumtazama. Kamera ilipokuja katika karne ya 19 taabu hiyo haikuondoka, kwa kuwa vioo vya picha vya siku zile vilidai nuru nyingi na subira ndefu. Mmarekani David Fairchild na mkewe Marian walitoa mwaka 1914 kitabu cha picha za wadudu wa karibu na nyumbani kwao, Book of Monsters, na picha hizo walizipiga kwa kamera ndefu mno zisizochukulika kwa wepesi. Mwaka 1955 Mjerumani Heinz Kilfitt alileta sokoni lenzi iitwayo Makro-Kilar, iliyoweza kulenga kutoka mbali hadi karibu kabisa bila kuongezewa kipande kingine. Na tangu hapo mtu aliweza kutoka na kamera ndogo mkononi, akaingia kichakani, akamkuta mdudu pale pale alipo badala ya kumleta mezani.

Wapiga picha hupima ukaribu kwa uwiano. Ikiwa mdudu mwenye urefu wa milimita 10 anaacha sura yenye urefu wa milimita 10 vile vile juu ya kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kipokeacho nuru mahali pa filamu ya zamani, basi uwiano ni 1 kwa 1, na hapo ndipo wengi husema kwamba picha ya karibu sana, ile iitwayo makro, imeanza kwa haki. Kihisi cha kamera kubwa kina milimita 36 kwa 24. Kwa hiyo kwa uwiano huo mdudu mwenye urefu wa milimita 36 huijaza picha kutoka ukingo hadi ukingo, na sisimizi mdogo bado atabaki na nafasi kubwa pembeni mwake.

Ukaribu huu una gharama tatu, wala hapana fundi wa lenzi aliyeweza kuzifuta, kwa sababu zimo ndani ya sheria za nuru zenyewe. Ya kwanza ni kina cha ubayana, yaani unene wa ile sehemu, kutoka mbele kwenda nyuma, ambayo huonekana wazi pichani. Mtu apigapo picha ya mlima au ya umati wa watu, kina hicho huwa cha mita nyingi. Lakini kwa uwiano wa 1 kwa 1, tundu la lenzi likiwa f/8, kina ni kama milimita 1 tu, na likifungwa hadi f/16 ni kama milimita 2. Maana yake ni kwamba jicho la mdudu likiwa bayana, mguu wake wa nyuma umekwisha kufifia. Wala haifai kulifunga tundu bila kikomo, kwa kuwa nuru ipitayo katika tundu finyu mno hutawanyika, na picha nzima ikapoteza ukali wake. Gharama ya pili ni nuru yenyewe: kwa uwiano huo, nuru iifikiayo kihisi ni robo tu ya ile ambayo ingekifikia kama lenzi ingelenga mbali. Ya tatu ni mtikisiko: lenzi inayomkuza mdudu hukuza pia kutetemeka kwa mkono, na upepo ambao hatuuoni katika jani lililo mbele yetu huweza kumtoa mdudu nje ya ile milimita moja.

Kutokana na gharama hizi huzaliwa hukumu za sanaa. Maadam haiwezekani mdudu mzima awe bayana, mpiga picha hana budi kuchagua, na chaguo la kwanza ni jicho, kwa kuwa picha ya kiumbe ambaye jicho lake limefifia haimshiki mtazamaji hata kama kila unywele mwingine umeonekana. Akitaka bawa zima la kipepeo, hukaa ubavuni, akauweka uso wa lenzi sambamba na bawa, ili ile milimita moja ilale juu ya bawa lote kwa mara moja. Kwa mdudu aliyelala fofofo iko njia nyingine, ya kupiga picha mfululizo, kila moja ikilenga nyuma kidogo kuliko iliyotangulia, kisha zikaunganishwa kwa programu ya kompyuta zikawa picha moja iliyo bayana tangu papasi hadi mkia. Mwingereza Levon Biss, aliyeonyesha kazi zake Oxford mwaka 2016, aliunganisha maelfu ya picha kwa ajili ya kila mdudu mmoja. Lakini wadudu wake walikuwa wakavu wa makumbusho, wasio na upepo wala pumzi. Picha zake ni za fahari, nazo hutufundisha umbo. Mwenendo wa mdudu hauwezi kufundishwa ila na mdudu aliye hai.

Msomaji asiye na uwezo wa kununua lenzi ya makro asikate tamaa. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 ikigeuzwa, uso wake ukaelekea kamera na mgongo wake ukaelekea mdudu, ikashikwa kwa pete ya bei nafuu, hukuza vizuri sana. Pete tupu zisizo na kioo, zikitiwa baina ya lenzi na kamera, huisogeza lenzi mbali na kihisi na kuiwezesha kulenga karibu zaidi. Hata kioo kidogo cha kukuzia kikibanwa juu ya kamera ya simu huonyesha mambo ambayo Hooke aliyatafuta kwa taa na hadubini. Faida kubwa ya lenzi ndefu ni nafasi inayoiacha mbele yake: lenzi ya milimita 60 humlazimisha mpiga picha kumsogelea mdudu kwa sentimita chache, ilhali ya milimita 100 humwachia nafasi ya kama sentimita 15, na mara nyingi nafasi hiyo ndiyo huamua kama nyigu atabaki au ataruka.

Nuru iliyopotea hurudishwa kwa flashi. Mwako wa flashi ni mfupi kuliko mwendo wowote wa mkono, kwa kuwa aghalabu haufiki sehemu ya 1/1,000 ya sekunde, na nguvu yake ikipunguzwa huweza kushuka hadi 1/10,000 na chini ya hapo. Basi mtikisiko na upepo hupoteza sehemu kubwa ya madhara yao. Mwingereza Stephen Dalton alitumia mwako wa kiasi cha 1/25,000 ya sekunde, na katika kitabu chake Borne on the Wind cha mwaka 1975 aliwaonyesha watu wadudu wakiwa angani, kila bawa limesimama mahali pake. Lakini flashi tupu ni nuru kali isiyo na huruma juu ya gamba la mbawakawa, ambalo huirudisha kwa doa jeupe na kuzifuta rangi zote zilizo chini yake. Nuru hiyo hupozwa kwa kupitishwa katika kitambaa cheupe au karatasi nyembamba iliyo kubwa kuliko taa yenyewe, ikasogezwa karibu na mdudu. Hapo vivuli hulainika, na rangi ya gamba ikatokea.

Sasa na tuje katika maarifa yaliyo juu ya vifaa. La kwanza ni saa. Joto la mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo. Kwa hiyo alfajiri misuli ya mbawa zake haijawa tayari kwa kazi, naye hulishikilia bua alilolilalia, umande ukiwa juu ya macho na mbawa zake, akingoja jua. Nyuki na nondo wakubwa huweza kujipasha moto kwa kuitetemesha misuli yao kabla ya kuruka, na mpiga picha aonaye mtetemo huo ajue kwamba fursa yake inamalizika. Katika milima ya Usambara Mashariki, pale Amani, ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na ambapo msitu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, asubuhi ina baridi na ukungu wa kutosha kumweka kipepeo juu ya jani mpaka jua limfikie. Pwani, ambako usiku wa kaskazi ni wa joto, miezi ya kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, ndiyo iliyo na asubuhi za namna hiyo. Afikaye saa 12 asubuhi humkuta kereng'ende amelala. Afikaye saa 3 humwona akipita.

La pili ni kujua mdudu anavyotuona na anavyotuhisi. Jicho kubwa la mdudu limeundwa kwa vijicho vidogo vingi: inzi wa nyumbani ana vijicho kama 4,000 kwa kila jicho, na baadhi ya kereng'ende hukaribia 30,000. Jicho la namna hii halipambanui mambo madogo sawasawa na letu, lakini kwa kuhisi mwendo linatushinda mbali, na inzi huyafuatisha mabadiliko ya nuru yaliyo ya haraka mno kwa macho yetu. Kwa hiyo mtu amwendeaye mdudu kwa haraka ameonekana zamani, na yule amwendeaye polepole kwa mstari ulionyooka, akiwa chini, asiyaguse majani kwa mkono, huweza kufika. Kivuli ni adui mkubwa kuliko umbo. Jua likiwa nyuma yako, mdudu hupata habari zako kabla hujapiga goti. Pumzi pia hutoa habari: mende, kwa mfano, ana vijimkia viwili nyuma vyenye vinyweleo vinavyohisi mwendo mdogo wa hewa, na hivyo ndivyo vinavyomwokoa na kiatu. Mwenye busara hupumua kando, na bua lililokaliwa na mdudu haligusi.

La tatu ni kumjua kila mdudu kwa hulka yake, na hapa mifano ya kwetu inatosha. Chukua vunjajungu, ambaye ni mwepesi kwa anayeanza, kwa sababu tegemeo lake ni utulivu. Yeye huwinda kwa kungoja, na akimwona mtu hukigeuza kichwa kumtazama badala ya kukimbia. Katika kila jicho lake la kijani pana nukta nyeusi ambayo, popote utakaposimama, huonekana inakufuata. Nukta hiyo si mboni. Ni vile vijicho vidogo vinavyoelekea upande wako hasa kwa wakati ule, ambavyo huimeza nuru itokayo kwako badala ya kuirudisha, ndiyo maana huonekana vyeusi. Mpiga picha ajuaye jambo hili hupata kipimo kisichodanganya: nukta zote mbili zikionekana katika picha yake, lenzi ilikuwa mbele ya macho yote mawili ya vunjajungu.

Wachukue majimoto, hao chungu wekundu wa mitini ambao kila mchuma maembe na karafuu amewahi kuonja ukali wao. Kiota chao ni majani mabichi yaliyounganishwa yakiwa bado mtini. Majimoto wengi hujipanga ukingoni, wengine wakashikana viuno wakafanya mnyororo, wakalivuta jani hili hadi lile. Kisha wenzao huwaleta viluwiluwi wa kizazi chao, wakiwa wamewashika kwa taya, wakawapitisha huku na huku baina ya kingo mbili kama mshonaji apitishavyo sindano, na kila wanapogusa huacha uzi wa hariri. Chungu mzima hana hariri; mtoto ndiye aliye nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu Michael Way aliwachunguza majimoto hawa Unguja, na ilidhihirika kwamba huilinda minazi dhidi ya mdudu afyonzaye nazi changa zikaanguka kabla ya kukomaa, mdudu ambaye jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, lilitolewa kwa heshima ya mtaalamu huyo. Atakaye picha ya ushonaji hana budi akitafute kiota kinachojengwa, wala si kile kilichokwisha, na azisome ishara za wenyewe: majimoto wakiinua matumbo yao juu, wako tayari kurusha tindikali, na mpiga picha amevuka mpaka.

Wachukue vipepeo. Pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 420, ulianzishwa mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ambao hununua kutoka kwa wakulima wa mpakani mwa msitu pupa za vipepeo wanaowafuga, zikapelekwa katika nyumba za maonyesho ng'ambo. Elimu ya wakulima hao ni hoja yangu nzima katika umbo la kazi: wanajua kila kipepeo hutaga juu ya mti gani, kiwavi wake hula jani la umri gani, na pupa yake hukomaa kwa muda gani, na mtu mwenye elimu hiyo hamkimbizi kipepeo, bali humngoja mahali atakapokuja. Asiye nayo hudanganyika hata akiwa na picha nzuri. Yuko kipepeo wa misitu yetu aitwaye kwa sayansi Papilio dardanus, ambaye dume lake ni la manjano hafifu na nyeusi, lenye mikia miwili nyuma, ilhali majike yake ya bara letu aghalabu hayana mikia na yana sura mbalimbali, nyingi zikiwaiga vipepeo wa jamii nyingine ambao ndege huwaepuka kwa uchungu wao. Picha nne za kipepeo huyu huweza kuonekana kuwa ni za vipepeo wanne. Kadhalika, wako vipepeo wadogo wa buluu ambao mwishoni mwa mbawa zao za nyuma wana vijimkia vyembamba na madoa ya mviringo, navyo huvichezesha wakiwa wametua, ili ndege adhani kichwa kiko huko na kudona mahali pasipo na uhai. Na mpiga picha mwenye haraka huangukia katika mtego ule ule, akalenga upande usio na macho.

Mchukue, mwisho, kereng'ende. Wengi wao wana desturi ya kurudi katika kijiti kile kile baada ya kila mawindo, na kwa hao kumfukuza ni upuuzi, kwa kuwa kutulia karibu na kijiti kunatosha. Lakini yuko mmoja wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, ambaye hukaa angani sehemu kubwa ya mchana, na akitua huning'inia chini ya kitawi badala ya kukikalia. Mtafiti Charles Anderson, aliyeishi Maldives, alitoa mwaka 2009 hoja kwamba kereng'ende hawa huvuka bahari kutoka Bara Hindi, wakapitia visiwa hivyo hadi Afrika Mashariki, wakichukuliwa na pepo za kaskazi, pepo zile zile zilizoleta majahazi katika bandari zetu kwa karne nyingi. Mdudu huyo hana urefu unaopita sentimita 5. Ajuaye safari hiyo, akimkuta kereng'ende wa namna hii ananing'inia kichakani na mbawa zilizochanika ncha, huzipiga picha zile ncha kwa uangalifu, kwa sababu ndiko ziliko habari zake.

Fauka ya maarifa yako mambo ya amana. Wako watu wanaomtia mdudu katika jokofu mpaka agande, wakamweka juu ya ua lisilo lake, wakamkunja miguu, au wakambandika kwa gundi, kisha wakaionyesha picha na kusema kwamba hivyo ndivyo walivyomkuta. Jambo hili ni ovu kwa namna mbili. Linamdhuru kiumbe asiye na hatia, ambaye huenda alikuwa na siku chache tu za kutaga na kumaliza kazi ya uhai wake. Na linamdanganya mtazamaji, ambaye hana njia ya kujua kwamba mdudu huyo halili ua hilo, halali namna hiyo, na hasimami na adui yake bega kwa bega. Picha ya uongo juu ya viumbe ina madhara kuliko kutokuwa na picha, kwa kuwa hujaza mahali pa maarifa kwa kitu kisichokuwako. Mpiga picha mwaminifu halikati tawi ili apate nafasi, halifunui jani lililokunjwa na kiwavi bila kulirudisha, na mdudu akiwa anataga au anajivua gamba humwacha amalize, hata kama picha yenyewe itakosekana.

Na uaminifu una faida ambayo haikadiriki. Mwezi wa Mei mwaka 2011, katika mbuga ya jimbo la Selangor nchini Malaysia, mpiga picha Guek Hock Ping alimpiga picha mdudu mmoja wa kijani mwenye mbawa za wavu zilizotiwa madoa meusi na ya buluu, akamwacha aende zake, akaiweka picha hiyo hadharani. Mtaalamu Shaun Winterton alipoiona hakuweza kumtambua mdudu yule, wala wenziwe hawakuweza. Alimwomba mpiga picha ampatie mdudu mwenyewe; naye, kwa kuwa alijua ni wapi alipompata, alirudi mahali pale, akampata wa pili, na katika mwaka 2012 mdudu huyo alitangazwa kwa jina la Semachrysa jade, aina mpya kwa elimu ya ulimwengu. Picha peke yake isingetosha, na mtaalamu peke yake asingejua pa kuanzia. Lililowaunganisha ni kwamba mdudu alipigwa picha mahali pake, akiwa hai, na mpiga picha aliweza kupataja mahali hapo.

Basi, ewe msomaji, nakuusia mambo machache. Usingoje lenzi ya gharama wala safari ya mbali. Anza na mti ulio karibu na mlango wako, mwembe au mpera, uutazame asubuhi na jioni mpaka uwajue wakazi wake kwa hulka zao, ndipo uinue kamera. Uingiapo katika msitu wa hifadhi, pata kibali chake na ufuatane na mwenyeji, kwa kuwa yeye anajua yasiyoandikwa. Na kila picha uipigayo iandikie tarehe, saa, mahali, na jina la mmea aliokuwa juu yake mdudu, kwa jina lolote ambalo wazee wa mahali hapo huuita. Misitu na mashamba ya pwani yetu yana wadudu wengi ambao hawana hata picha moja yenye maelezo ya namna hiyo, na kazi ya kuwaandikia si ya wageni wala ya wataalamu peke yao. Ni kazi yako pia, na huwezi kuifanya ila kwa kupiga goti na kunyamaza.